Saini ya Mama Dobi

Zilikuwa zimebaki siku mbili na saini moja.

Saini arobaini na moja nilikuwa nazo tayari, ndani ya faili la plastiki ambalo sikuliacha hata nikienda kuoga. Nilizipata moja moja kwa miezi mitatu, mlango kwa mlango, baada ya kazi, ovaroli ikiwa bado na tope magotini. Wapo walionikaribisha ndani. Wapo walionisikiliza wakiwa wameshika kitasa, tayari kufunga. Mwalimu mmoja mstaafu alinirudisha mara tano, kila mara ana swali jipya, na mara ya sita akasaini na kuniambia nimefaulu.

Mimi ni fundi bomba. Mtaani wananiita Spana, na hata baba yangu mzazi siku hizi haniiti vinginevyo. Mradi wa bomba la maji taka ulipoletwa, kamati ya mtaa ilinituma mimi nikazungumze na watu, kwa sababu, walisema, nusu ya vyoo vya hapa nimeshaviona kwa ndani. Walicheka, lakini ilikuwa kweli. Nilijua shimo la nani limejaa na la nani linavuja. Nilijua jinsi kila msimu wa mvua uchafu ulivyofurika na kushuka uchochoroni hadi kwenye vizingiti vya watu. Mwaka uliopita watoto wawili wa mama muuza mkaa walilazwa wiki nzima.

Bomba lingemaliza yote hayo. Ila mhandisi wa mradi alitupa sharti: kila nyumba ambayo bomba linapita kwenye kiwanja chake isaini. Ikikosekana hata moja mpaka Jumatatu saa tisa alasiri, mradi unahamia mtaa mwingine. Na bomba hilo halikuwa na pampu. Lilitegemea mteremko tu, na mteremko wote wa mtaa wetu uliishia mahali pamoja: katika uwanja wa nyumba ya chini kabisa, nyumba ya Mama Dobi.

Mama Dobi alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, na mtoto huyo nilikuwa nampenda kwa miezi minane bila mama yake kujua.

Yeye ndiye aliyepiga pasi pale kwao. Watu walimwita Mkunjo, kwa jinsi suruali zilivyotoka mikononi mwake zikiwa na mstari wa kukata karatasi. Siku ya kwanza nilimpelekea ovaroli zangu mbili, nikazikuta zimenyooshwa kama suti ya bwana harusi.

"Kaka," nilimwambia, "mimi nazama kwenye chemba za vyoo. Siendi kuapishwa."

Hakuinua hata uso. "Basi chemba ijue imetembelewa na mtu."

Nikaenda nyumbani nikicheka peke yangu njia nzima, na wiki iliyofuata nikachafua ovaroli tatu.

*

Mkutano wa Jumamosi ulifanyika alasiri kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wazima tulijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mama Dobi hakukaa. Alisimama karibu na ubao, khanga imefungwa kiunoni, mikono yake mikubwa imepauka kwa sabuni ya miaka thelathini.

"Sina ugomvi na mtu," alianza. "Lakini sikilizeni. Mimi nafua mashuka ya hoteli mbili na ya zahanati. Mashuka mia mbili kwa siku, yote yanakauka uwanjani kwangu. Leo mnataka mchimbe mtaro katikati ya kamba zangu, vumbi liruke siku na siku. Hoteli zitanisubiri? Zitamtafuta dobi mwingine, na hazirudi tena."

"Mama, watoto wangu walilazwa," alisema mama muuza mkaa kwa sauti ya chini.

"Najua walilazwa. Mashuka waliyolalia niliyafua mimi kwa mikono hii."

Nikainuka na faili langu kueleza tena habari za mteremko, kwa mara ya mia sijui ngapi, lakini aliniinulia kiganja.

"Wewe Spana, ngoja. Jana nimeambiwa jambo. Nimeambiwa kwangu unapitisha vitu viwili. Unapitisha bomba, na unapita wewe mwenyewe kwa mwanangu. Sasa niambie hapa mbele ya watu. Ulianza na kipi?"

Macho yakanikimbia yenyewe hadi dawati la nyuma, alipokaa Mkunjo na shati lake jeupe. Alikuwa ananitazama. Midomo ilifunguka kidogo, kama mtu anayetaka kusema, kisha ikafungika.

Ningeweza kukana. Watu wangeniamini, au wangejifanya wameniamini.

"Nilianza na mwanao, mama," nikasema. "Bomba lilikuja baadaye."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu mstaafu alipiga dawati kwa kiganja. Mtu aliyeketi dirishani akasema huyo amejibu, huyo amejibu jamani. Aliyenyamaza ni Mama Dobi peke yake. Alinitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama doa ambalo hajajua ni la nini, kisha akaifungua khanga yake, akaifunga upya, akatoka.

Mkunjo akainuka akamfuata. Alipita karibu nami kiasi cha kunigusa bega, na hakusema kitu.

*

Nilistahimili nusu saa. Kisha nikaenda kwao, faili kwapani, hasira kifuani.

Chumba cha kupigia pasi kilikuwa ubavuni mwa nyumba, kimejengwa kwa mbao, mlango wake unatazama uwanjani. Jua lilikuwa bado juu ya paa. Uwanja mzima ulijaa mashuka, safu kwa safu, huwezi kumwona mtu upande wa pili. Mkunjo alikuwa amesimama nyuma ya meza, pasi mkononi, ananyoosha foronya ambayo ilishanyooka zamani.

"Umenyamaza," nikamwambia.

"Shikamoo hakuna siku hizi?"

"Usinitanie. Mama yako ameniuliza swali mbele ya mtaa mzima, nimelijibu peke yangu kama yatima. Ulikuwa umekaa pale. Una mdomo."

Akaiweka pasi chini. "Ungesema hata uongo kidogo."

"Ili?"

"Ili nipate nafasi ya kumwambia mama mwenyewe. Kwa utaratibu. Nyumbani."

"Miezi minane, Mkunjo. Huo utaratibu unakuja kwa miguu kutoka wapi?"

Nilitaka acheke. Alikuwa na kicheko kizuri, cha chinichini, kilichoanzia mabegani. Hakucheka. Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili na kutazama kitambaa.

"Njiani mama ameniuliza jambo," akasema. "Ameniuliza, huyo binti amewahi kukutajia saini? Nikamwambia hajawahi hata mara moja. Akasema, subiri, ataitaja."

"Na wewe?"

"Na mimi..." Alilainisha pindo la foronya. "Nasubiri."

Sijui kama umewahi kupigwa na mtu unayempenda bila kukugusa.

"Kwa hiyo unadhani nimekaa nawe miezi minane kwa ajili ya kupitisha bomba la choo."

"Sijasema nadhani."

"Umesema unasubiri. Tofauti yake ni nini?"

"Tofauti yake," akasema, "ni kwamba nataka usiitaje. Nimesimama hapa tangu tulipotoka kule nikiomba ukiingia mlangoni useme kitu chochote, hata unitukane, ila usitaje saini. Umeingia, umenitukana, na nimefurahi. Sasa nimekwambia ukweli wangu."

Nilikaa juu ya kikapu kilichopinduliwa. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilianza kukosa mahali pa kusimama. Nikafungua faili, nikatoa karatasi ya mhandisi, ile yenye orodha ya viwanja na wenye viwanja, nikaiweka juu ya foronya yake.

"Soma namba arobaini na mbili."

Akasoma. Nilimwona akisoma mara mbili.

"Kuna majina mawili," akasema taratibu. "La mama na langu."

"Baba yako alipofariki kiwanja kiliandikwa kwenu wote wawili. Na soma pale chini. Kwenye kiwanja cha watu wawili, inatosha mmoja wao kusaini."

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Miezi mitatu natembea na jina lako kwapani. Nimekaa nawe kwenye benchi pale stendi, nimekula mahindi yako, umenishika mkono, na kalamu ninayo mfukoni."

"Na hukuniomba."

"Sikukuomba."

Akazunguka meza. Alinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwake, kama mtu aliyefungua dirisha la chumba chake mwenyewe akakuta kuna bustani. Akachuchumaa mbele yangu, akanyoosha mkono.

"Nipe kalamu."

"Ya nini?"

"Nisaini. Sasa hivi. Mtaa upate bomba lake, na wewe ujue nakuamini."

Nilitaka kumpa, siwezi kudanganya. Miezi mitatu ya kutembea ilikuwa inaisha hapo, kwa mstari mmoja wa wino. Na uso wake ulikuwa karibu hivyo, unanukia sabuni na mvuke wa pasi. Nikaichukua karatasi kutoka mezani, nikairudisha kwenye faili, nikalifunga.

"Sitaki," nikasema.

"Spana."

"Sitaki saini yako. Ukisaini wewe, wiki ijayo watu wanaingia na sururu kwenye uwanja wa mama yako, naye amesimama mlangoni analia. Mimi nitakuwa nimepata bomba, wewe utakuwa umempoteza mama. Na siku moja tutakuwa tumegombana kwa sababu ya chumvi, na utanikumbusha."

"Sitakukumbusha."

"Hutasema neno, najua. Utanyamaza. Na ukimya wako nimeuonja leo, sitaki kuishi nao."

"Basi mtaa ukose?"

"Bado nina Jumapili na nusu ya Jumatatu."

"Utafanya nini?"

"Sijui," nikasema, na hapo ndipo machozi yaliponitoka, kwa sababu kweli sikujua.

Shuka la mlangoni likasogezwa pembeni. Mama Dobi aliingia na kikapu cha mashuka kiunoni, akakitua juu ya meza, akaanza kutoa vibanio na kuvitia kwenye kopo. Tok, tok, tok. Alikuwa upande wa pili wa kamba muda wote. Kuta za mbao zile hazizuii hata kupiga chafya.

Mkunjo alisimama haraka. "Mama."

"Wewe endelea na foronya yako, unaiunguza." Hakuiunguza, pasi ilikuwa pembeni. Kisha, bila kunitazama: "Huo mtaro una kina gani?"

Nikafuta uso kwa mkono. "Mita moja na nusu, mama."

"Siku ngapi?"

"Kumi na tisa, mvua isiponyesha."

"Sijauliza mvua."

"Kumi na tisa."

"Na siku kumi na tisa mashuka yangu nianike wapi? Kichwani kwako?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na majibu ya kila kitu: mteremko, kipenyo cha bomba, magonjwa ya tumbo, umbali wa chemba hadi chemba. La kuanika sikuwa nalo.

"Sijui, mama."

"Ahaa." Akatia kibanio cha mwisho kwenye kopo. "Miezi mitatu unakuja kwangu na karatasi. Unanifundisha magonjwa, mimi ninayefua damu na matapishi ya zahanati nzima. Unanichorea mistari. Hakuna hata siku moja uliyoniuliza, mama, utaanika wapi."

Aibu niliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko ile ya darasani, kwa sababu ile ya darasani sikuistahili.

"Nakuuliza leo," nikasema.

"Leo umechelewa." Akainua kikapu kitupu, akafika mlangoni, akasimama akiwa ametupa mgongo. "Lakini Jumatatu haijafika. Na huyo mwenye mdomo anaweza kukusaidia kutembea."

*

Jumapili saa mbili asubuhi Mkunjo alinisubiri juu ya mtaa, kwenye geti la shule, na futi ya kupimia kamba mfukoni. Kwa mara ya kwanza tulitembea pamoja hadharani. Nilijihisi kama nimevaa nguo mpya ambayo kila mtu anaigeukia.

Hesabu yake alikuwa ameshaipiga. "Shuka moja likikunjwa katikati ya kamba linakula mita mbili. Mashuka mia mbili, mita mia nne. Pasiwe na moshi, pasiwe na vumbi, jua lifike kabla ya saa nne. Na kamba isiwe ya waya, mama anachukia kutu."

Nyumba ya kwanza ilitupa mita kumi na mbili za kuanikia. Ya pili ilitupa nane na chai. Ya tatu mwenye nyumba alitutazama mimi, akamtazama Mkunjo, akasema atatupa ishirini tukimwambia ukweli harusi ni lini. Mkunjo alikohoa. Mimi nikaandika ishirini.

Mwalimu mstaafu alikuwa na paa la zege, safi, lenye ukuta mfupi. Alituweka kitini.

"Nina swali," akasema.

"Najua una swali, mwalimu."

"Mashuka yakidondoka barabarani nani anafua upya?"

"Mimi," nikasema.

"Unajua kufua?"

"Atanifundisha," nikasema, nikimwonyesha Mkunjo kwa kidole. Mwalimu akatupa paa zima, mita sitini.

Mama muuza mkaa ndiye aliyetupa kazi. Uwanja wake wote ulikuwa mweusi, hata kuku wake walikuwa weusi miguuni. Alisimama katikati, macho yamejaa. "Mimi nitatoa nini sasa? Kwangu shuka litatoka kama gunia."

"Una mkokoteni," Mkunjo akamwambia. "Ukipigwa maji na kutandikwa turubai safi, utayapandisha mashuka asubuhi na kuyashusha mchana. Bila mkokoteni hatufiki popote."

Uso wa mama yule ulivyobadilika, sijausahau. Alianza kuusugua mkokoteni kabla hatujafika getini.

Kufikia saa kumi tulikuwa na mita mia nne na thelathini. Miguu ilikuwa inawaka moto. Tuliketi kwenye ngazi za nyumba ya thelathini na nane, na Mkunjo akakunja futi yake polepole, akanishika mkono, mchana kweupe, mbele ya dirisha lenye watu wawili nyuma ya pazia.

"Wanatuona," nikamwambia.

"Nimewahesabu," akasema. "Wako watatu."

*

Jumatatu Mama Dobi alipokea karatasi yetu ya kamba, akaisoma yote, akaikunja na kuitia kifuani. Kisha akatoka kwenda kukagua. Alipanda mtaa mzima na kitambaa cheupe mkononi, akikipitisha kwenye kila kamba na kukitazama. Alikataa mbili. Moja aliiita ya kufungia mbuzi. Sisi tulimfuata kwa nyuma, na nyuma yetu wakafuata watu, hata tulipofika kwa mwalimu tulikuwa kama thelathini.

Mhandisi naye alikuwa amefika na pikipiki yake. "Mama, zimebaki saa moja na nusu," akasema kwa adabu.

"Na mimi nitasaini," Mama Dobi akajibu, "shuka langu la kwanza likishakauka hapa juu, likawa kama linavyokuwa kwangu. Likiwa na doa, mhandisi, washa pikipiki yako."

Akaanika shuka moja, jeupe, la hoteli, kwenye paa la mwalimu. Ilikuwa saa saba na nusu.

Sikujua kwamba shuka linaweza kuchukua muda mrefu hivyo. Wachache tulipanda naye paani, wengine walisimama uchochoroni vichwa juu. Upepo ulikuwepo, ukaondoka. Wingu moja likaja likakaa juu ya jua na likakaa kweli. Mtu akapendekeza tulipepee kwa makaratasi. Mwingine akaanza kulipuliza kwa mdomo.

"Acheni," mwalimu akasema. "Mtalitemea mate."

Saa nane, Mama Dobi akashika pindo. "Bado."

Saa nane na nusu. "Bado, katikati hapa."

Mhandisi alitazama saa yake, akanitazama mimi, akatazama chini. Mkunjo alisimama karibu nami, bega lake kwenye bega langu, nikasikia anavyopumua. Alisema chinichini, "Lina pamba nyingi, hilo. Ameliteua makusudi." Na bado alikuwa anatabasamu, nami nikaanza kucheka kwa woga, kicheko cha kutozuilika, nikajiziba mdomo kwa kiganja.

Wingu likapita. Jua likashuka juu ya paa kama limemwagwa.

Saa tisa kasoro dakika nane, Mama Dobi alilishika shuka kwa mikono miwili, akaliweka shavuni, akafumba macho. Akalivuta kutoka kambani, akaligeuza upande huu na ule. Kisha akasimama. Wote tuliokuwa paani tuliona: karibu na ukingo, kijidoa cheusi.

Mama muuza mkaa alishika kichwa.

Mama Dobi akakisogelea kwa jicho moja, akakipuliza. Kikaruka. Kilikuwa mdudu.

"Kalamu," akasema.

Alisainia mgongoni kwa mwanawe, faili limewekwa juu ya shati jeupe, herufi kubwa kubwa, polepole, huku mtaa mzima ukimhesabia dakika. Alipomaliza nukta ya mwisho, kelele zilizotoka hapo ziliwatoa watoto madarasani. Mwalimu alimkumbatia mhandisi. Mimi sikumkumbatia mtu. Nilikuwa nimeketi chini kwenye zege.

*

Uchimbaji ulianza Alhamisi, mimi mwenyewe nikiwa ndani ya mtaro na pima maji. Juu, kwenye kila paa na kila uwanja wa mtaa, mashuka yalikuwa yanapeperuka, na mkokoteni wa mama muuza mkaa ulikuwa unapanda kwa mara ya tatu.

Kama saa tano hivi, Mama Dobi alitoka ndani amevaa gauni ambalo sijawahi kuliona, na viatu vya kisigino, na mkoba. Aliruka mtaro kwa hatua moja na kuelekea juu. Nilitoa kichwa kumtazama. Alipofika kona ya tatu hakwenda kushoto, kituoni. Alikwenda kulia. Kulia kuna nyumba moja tu ninayoijua vizuri.

"Mkunjo," niliita. "Mama yako ameenda kwa baba yangu."

Akatokeza dirishani na pasi mkononi. "Kufanya nini?"

"Mimi nakuuliza wewe."

"Hajaniambia kitu."

Saa nzima niliweka bomba lile lile kwenye kiungo kile kile. Baba yangu ni dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa maneno machache na yote makali. Mama Dobi mnamjua. Niliwaza kila kitu kibaya ambacho wazee wawili wanaweza kuambiana kuhusu binti mwenye spana.

Alirudi jua likiwa utosini. Akasimama kwenye ukingo wa mtaro, viatu vyake vinang'aa usawa wa macho yangu.

"Nimetoka kwa baba yako."

"Ndiyo, mama."

"Ameniambia hujui kupika."

Nilitazama tope. "Ni kweli, mama."

"Nimemwambia hilo si tatizo. Wangu anajua." Akahamisha mkoba mkono mwingine. "Tumepanga Jumapili ijayo wazee wakutane. Yeye alitaka saa tatu, nimemwambia saa tano. Asubuhi nina mashuka."

Nilisikia pasi ikiwekwa chini kwa kishindo, kisha miguu. Mkunjo alitoka mlangoni anakimbia, akaruka ndani ya mtaro kwa viatu vyake vizuri, tope likamfika kwenye vifundo vya miguu, akanikumbatia na ovaroli yangu yote jinsi ilivyokuwa, maji na udongo, akaning'ang'ania pale chini huku mafundi wenzangu wakigonga sururu zao kwenye mabomba. Nililia shingoni kwake bila haya. Juu yetu Mama Dobi alisubiri kidogo, akatikisa kichwa, akageuka kwenda zake ndani.

"Hilo shati," akasema, "utalifua mwenyewe."